Naomba ushauri: Disney ya Florida na watoto watatu, nina dola 2,000 tu

Mnyamwezi wa Georgia
Habari za muda huu wakuu. Niende kwenye mada. Nipo Atlanta na familia yangu, tuko watano: mimi, mama watoto, na watoto watatu. Wa kwanza ana miaka 11, wa pili 7, wa mwisho 2. Hao wakubwa wamenikaba na habari za Disney tangu wenzao wa darasani waende, na nimeshawaahidi kwamba Krismasi hii tunakwenda. Sasa nikifungua bei usingizi unakata. Tiketi ya siku moja haishuki chini ya dola 100, na wiki ya Krismasi inakaribia 200. Mtoto wa miaka 3 hadi 9 wanampunguzia vidola vichache tu, na huyu wangu wa 11 wanamhesabu mtu mzima. Mfukoni nina dola 2,000 kwa kila kitu. Hoteli nimeshapata kwa ofa, hilo niachieni. Nataka msaada kwenye tiketi, chakula na mafuta. Wenye uzoefu karibuni, matusi hapana.

Ngoja Nione
Nimeshavuta kigoda.

Dereva Masafa
Mkuu hiyo barabara kuu ya I-75 ndiyo ofisi yangu. Atlanta hadi Orlando ni kama maili 440, saa saba na kidogo ukiwa na watoto wa kusimama simama. Ondoka saa tisa usiku wamelala, asubuhi umefika Florida na hujanunua hata juisi. Mafuta jaza kabla ya Orlando. Kuna vituo karibu na uwanja wa ndege wa pale vina sifa mbaya ya kuwakamua wageni.

Chakula ingia nacho, hawakatazi. Wanachokataa ni chupa za kioo na pombe. Maji usinunue kabisa: nenda kwenye vibanda vyao vinavyouza soda za kumimina, omba kikombe cha maji ya barafu, wanatoa bure. Makoti ya mvua ya nailoni nunua huku huku duka la bei chee, ukinunua ndani utalia. Na weka pesa ya maegesho kila siku unayoingia, labda ulale kwenye hoteli zao wenyewe.

Mama Chapati
Dereva kasema kweli. Mimi niliwapeleka wangu na kapu zima: chapati, mayai ya kuchemsha, maandazi, na kuku wa kukaanga niliyemfunga kwenye karatasi ya fedha. Mlinzi wa mlangoni alifungua kapu, akafunua kile kitambaa, akanusa, akanitazama, akafunika taratibu akasema pita. Tulikula kwenye kivuli saa sita mchana wakati watu wamepanga foleni ya baga. Mume wangu alikuwa anaona aibu mwanzoni, alipoona bei ya baga akaongeza chapati ya tatu. Tafuta chumba chenye jiko, Kissimmee, mji wa jirani na Disney, viko vingi barabara ya 192. Ukibeba sufuria yako na mwiko, unga utaupata hata Walmart ukiuliza vizuri.

Kijana wa Chanika
Samahani mtoa mada, dola 2,000 ni karibu milioni tano za huku. Huku kwetu hicho ni kiwanja. Watoto waje likizo Bongo uwapeleke Kunduchi Wet 'n' Wild, wateleze kwenye maji mpaka ngozi ikunjamane, jioni mnakula chipsi mishikaki, na chenji inabaki. Sisi tulikua hivyo na hatukupungukiwa.

Mpwani Halisi
Kijana wa Chanika, nauli ya watu watano kutoka Atlanta unalipa wewe?

Mtoa mada, mimi nikushauri kitu kingine. Ukibakiwa na uwezo wa siku moja, usiidharau Animal Kingdom, ile bustani yao ya wanyama. Ilifunguliwa 1998 na ndani wamejenga kijiji kizima wanakiita Harambe, wamekiiga kutoka miji yetu ya pwani, Lamu hasa. Kuta zile za chokaa zilizobanduka, milango, vibao vya Kiswahili, kibanda kinaitwa Tamu Tamu, baa inaitwa Dawa. Binti yangu alizaliwa huku, Kiswahili alikuwa anajibu kwa Kiingereza siku zote. Pale alisimama anasoma vibao kwa sauti, wazungu wamemzunguka wanamuuliza maana, naye anawaeleza kama mwalimu. Mimi mtu wa Lamu nilishika ukuta ule nikasema kazi wameifanya. Halafu kuna safari ya lori la wazi kuona twiga na simba, imo kwenye tiketi, hulipi tena.

Mjukuu wa Mangi
Yote mazuri. Ila hebu turudi nyuma. Wiki ya Krismasi, Orlando, watu watano, hoteli ya ofa. Ni bei gani mkuu? Maana mimi nilihangaika mwaka juzi nikakosa.

Mnyamwezi wa Georgia
Ahsanteni sana wakuu, nachukua yote. Mama Chapati ubarikiwe. Mpwani hiyo ya Harambe sikuijua, nitaangalia.
Mjukuu wa Mangi, hoteli ni dola 199.

Mjukuu wa Mangi
Kwa usiku mmoja?

Mnyamwezi wa Georgia
Kwa usiku zote tatu. Na wananipa kadi ya dola 100 ya kulia chakula.

Dereva Masafa
Mkuu hiyo si ofa, hiyo ni taimushea. Watakukalisha kwenye kiti wakuuzie wiki moja ya hoteli kila mwaka mpaka ufe.

Mnyamwezi wa Georgia
Kuna kikao cha muda wa saa mbili, ndiyo, siku ya pili asubuhi. Sikukitaja kwa sababu sikuulizia hoteli, niliuliza tiketi na chakula. Ilikuwa hivi: kuna duka kubwa huku wameegesha gari jipya katikati ya ukumbi, pembeni kuna sanduku, unajaza karatasi kushindania gari. Nikajaza. Wiki iliyofuata nikapigiwa, gari sijashinda ila nimepata nafasi ya hoteli. Nikalipa kwa kadi palepale. Saa mbili za kusikiliza mtu anaongea, mimi nimekaa kwenye vikao vya harusi vya saa sita. Nitasikiliza, nitasema hapana, nitachukua kadi yangu ya chakula.

Dada wa Tampa
Kaka yangu, nimefanya kazi ya kusafisha vyumba kwenye hoteli ya aina hiyo, acha nikwambie inavyokwenda. Saa mbili ni kwenye karatasi tu. Wa kwanza anakuchekea, anawapa watoto rangi za kuchora. Ukisema hapana anaitwa mkubwa wake, bei inashuka. Ukisema tena hapana anakuja wa tatu, bei inashuka zaidi. Nimeona watu wazima wanatoka pale wanalia wamesaini. Ukisaini, kila mwaka kuna ada ya matunzo na inapanda, na ukitaka kuuza hupati mnunuzi hata kwa dola moja. Ukiteleza ukasaini, jua kwamba sheria ya Florida inakupa siku 10 za kuvunja mkataba kwa maandishi, na hakuna muuzaji anayeweza kukuondolea haki hiyo hata akikusainisha nini.

Swali langu: karatasi yao inasema wanandoa wote wawili lazima wahudhurie? Na vitambulisho viwe vya anwani moja? Usipotimiza wanakutoza bei kamili ya chumba, na bei kamili ya Krismasi itakula hizo 2,000 zote.

Ngoja Nione
Kimya tangu jana. Mtoa mada kakimbia.

Mnyamwezi wa Georgia
Sijakimbia, nilikuwa kazini.

Inasema hivyo, ndiyo. Sasa ukweli ni kwamba mama watoto haendi. Yeye ni msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya wazee na Krismasi hawapewi ruhusa, malipo yenyewe siku hizo ni mara moja na nusu, hatuwezi kuyaacha. Kwa hiyo ninakwenda na dada yangu. Dada tunaishi naye nyumba moja, anwani kwenye leseni ni ileile, jina la ukoo ni lilelile. Ataingia kwenye kikao pamoja nami. Hakuna mtu atakayeomba cheti cha ndoa. Sisemi uongo, nikiulizwa jina nataja jina.

Shangazi wa Ujiji
Wewe mwana! Dada yako wa tumbo moja umwingize mahali aitwe mkeo, mbele ya wanao? Huyo mwenye miaka 11 akiulizwa "mama anapenda chumba gani" atajibu nini? Utamwambia usiku kabla ya kulala kwamba kesho shangazi ni mama? Disney ni nini mpaka mfike huko? Na mkeo anajua?

Mnyamwezi wa Georgia
Shangazi shikamoo. Mke wangu anajua tunakwenda na dada. Habari za kikao nitamweleza tukirudi, ana mawazo mengi kazini.

Tukutuku Mkongwe
Jamani hii ni chai. Bandiko la kwanza: "tuko watano, mimi, mama watoto". Leo mama watoto haendi na kumbe alijua siku nyingi. Halafu mwaka jana jina hilihili lilileta uzi wa kutafuta chumba Minnesota, akajiita kapera asiye na mtoto. Leo ana watatu na mkubwa ana miaka 11. Mod unganisha nyuzi, jamaa anatunga visa apate wachangiaji.

Kijana wa Chanika
Hahaha nilijua! Kikombe cha pili tafadhali, na kashata.

Mjukuu wa Mangi
Hata mimi hilo la jina la ukoo moja na anwani moja limekaa vizuri mno. Kama tamthilia.

Mama Chapati
Mnamwonea. Familia ngapi huku zinaishi na dada au shemeji nyumba moja? Mimi nakaa na wifi.

Mnyamwezi wa Georgia
Tukutuku, uzi wa Minnesota nilimwandikia mdogo wangu aliyekuwa anahamia kule, hana akaunti hapa. Nilipoandika "tuko watano" nilieleza familia yangu ilivyo. Hata tukienda na dada bado ni watano. Mnataka niweke picha ya risiti yenye namba yangu ya kadi ndipo muamini?

Na mnaouliza kwa nini nisingoje mwezi wa tano mama watoto akiwa na likizo: wa mwisho anatimiza miaka mitatu mwezi wa pili. Chini ya mitatu anaingia bure. Nikingoja ninalipa tiketi ya tano. Hesabu nimepiga mimi, si mtunzi wa visa.

Dada wa Tampa
Kiwe chai kisiwe chai, kuna wengi wanasoma hapa kimya na wana karatasi kama hiyo kwenye droo, kwa hiyo najibu.

Kaka, hiyo ya kulipa tiketi moja zaidi ndiyo hesabu uliyoipiga. Ile ya kikao hujaipiga. Wakigundua, wanachukua kadi ileile uliyolipia 199 wanakata tofauti, na wewe uko Florida na watoto watatu. Piga simu kwenye namba iliyo kwenye risiti, uliza mambo mawili: muda wa kughairi na kurudishiwa pesa ni siku ngapi, na kama tarehe inasogezwa. Mara nyingi tarehe husogezwa. Usiwaeleze habari za dada hata kidogo.

Dereva Masafa
Na mimi nakuwekea hesabu, maana uliuliza hesabu na watu wamekimbilia ndoa. Mtalipia tiketi za watu wanne: wewe, dada, wa 11 na wa 7. Wiki ya Krismasi siku moja ya Magic Kingdom, ile bustani yao kuu, ni karibu dola 800. Foleni siku hizo mtoto anapanda michezo michache tangu asubuhi hadi usiku. Ukitangulia wiki mbili tatu, mwanzoni mwa Desemba, tiketi inashuka, foleni inapungua, moteli za 192 zinashuka, na mdogo bado yuko chini ya miaka mitatu. Watoto watakosa siku mbili za shule, Ijumaa na Jumatatu. Mama mtu anaweza kupata wikendi moja mwanzoni mwa mwezi kwa kubadilishana zamu akifanya yeye Krismasi. Hapo hata hoteli ya 199 huihitaji.

Mkiwa ndani, michezo mikali kama Space Mountain inataka mtoto awe na sentimita 112. Mpime wa miaka 7 nyumbani asije akalia mlangoni. Na ombeni zamu ya wazazi: mmoja anapanda na wakubwa, mwingine anabaki na mdogo, halafu mnabadilishana bila kupanga foleni upya. Haina malipo. Siku zinazobaki wapelekeni Disney Springs, sehemu yao ya maduka na migahawa, maegesho bure, na Cocoa Beach ni mwendo wa saa moja tu.

Mpwani Halisi
Dereva umemaliza. Ila Harambe msiiache.

Tukutuku Mkongwe
Bado nasema chai. Lakini hiyo ya mwanzoni mwa Desemba naihifadhi, nina wangu wawili.

Mnyamwezi wa Georgia
Ya kubadilishana zamu sikuifikiria, sikatai. Lakini 199 nimeshatoa, dada ameshaomba ruhusa kazini kwake, na wakubwa wameshaanza kukata tarehe kwenye kalenda ya jikoni. Kesho asubuhi napiga hiyo namba nisikie watasemaje kuhusu kurudisha pesa. Wakikataa, kikao nitakwenda.

Shangazi wa Ujiji
Marahaba. Simu ya kwanza mpigie mkeo, akiwa mapumzikoni, umsomee uzi huu wote.

Mnyamwezi wa Georgia
Anatoka zamu saa moja asubuhi, Shangazi. Namba ile inafunguliwa saa tatu.