Ligi ya mbio za kompyuta Kusini, msimu wa pili: GT3, Abarth 500 au formula?

Mwenyekiti_Shangani
Wakuu, kwenye grupu tumebishana vya kutosha, tulimalize hapa kwa maandishi. Gemu inabaki Assetto Corsa ile ya 2014, hilo halina mjadala: programu ya seva yake ni ya bure na tunaiendesha wenyewe, na laptopu yenye kadi ndogo ya grafiki inaimudu. Kinachobishaniwa ni gari na muundo wa mbio. Yaliyopo mezani ni BMW Z4 GT3, gari kubwa la mbio lililotokana na la barabarani, kwa mbio moja ya saa nzima na kuingia piti. Abarth 500 Assetto Corse kwa mbio mbili fupi. Au Tatuus FA01, zile formula ndogo za magurudumu wazi. Leteni hoja, ushabiki acheni.

Chuma_cha_Ligula
GT3, sibadiliki. Z4 ina ABS ya kuzuia tairi kujifunga ukikanyaga breki na traksheni kontroli ya kuzuia zisiteleze ukitia gesi, kwa hiyo hata wa padi, asiye na usukani, anaiweza. Mtu anaingia ligi aendeshe chuma, sio kigari cha kwendea sokoni. Saa nzima inaleta akili: mafuta unaweka kiasi gani, tairi unabadili lini. Hizo za dakika ishirini ni vurugu tupu.

Kijiti_Masasi
Kaka Ligula, la ABS nakubali, ila tupige hesabu. Gari likiwa kwenye 250 kwa saa linakula karibu mita 69 kila sekunde. Huku kwetu usiku, kila mtu akiwa kwenye bando, pingi, yaani ucheleweshaji wa mtandao, ya milisekunde 200 wala haishangazi. Kwa hiyo unachokiona mbele yako ni pale mwenzako alipokuwa, pamoja na kubahatisha kwa kompyuta kuhusu alipo sasa. Tofauti ni mita 14 hivi, magari matatu yamepangana.

Sasa nenda kiwanja cha Monza, mwisho wa mnyooko, kona ya kwanza. Pale GT3 inatoka mwendo wote mpaka gia za chini kabisa. Wa mbele keshakanyaga breki, kwenye skrini yako bado anakwenda. Unampiga. Mkifungua marudio, kwake wewe ulimvamia kabla hata hajafika kwenye kona. Kwako yeye amesimama ghafla katikati ya njia. Wote mna ushahidi, wote mna hasira. Mwamuzi ahukumu nini hapo?

Kiwanja cha Magione ni kilomita 2.5 tu, na ukiwa na Abarth muda mwingi mwendo ni wa kawaida. Kwenye 120 kwa saa, milisekunde zile zile 200 ni kama mita 7. Nafasi hiyo mtu anaweza kumwachia mwenzake na bado akamfukuzia.

Halafu msiidharau Abarth. Inavutwa na tairi za mbele: ukitia gesi mapema inagoma kukunja, inakwenda nje, ukiachia gesi ghafla katikati ya kona, mkia unakuja. Na injini ni ya lita 1.4 yenye tabo, mwendo ukiupoteza kwenye kona utaulipia mnyooko mzima. Anayejua na asiyejua wanaonekana mapema sana.

Newala_Juu
Tatuus tamu ukiwa peke yako. Gurudumu likipanda gurudumu, mtu anaruka. Kwa tabia zetu za kuchomekea na kutanua, tuiache.

Dada_wa_Mitwero
Nyie mnaongelea pingi, mimi naongelea umeme. Mbio za saa nzima, umeme ukatike dakika ya 40, ukirudi seva imeshafunga mlango na jioni yako imekwisha. Mbio mbili za dakika 20, ukiikosa moja unabaki na nyingine. Na kwenye hesabu za msimu kila mtu afutiwe matokeo yake mawili mabaya zaidi.

Mbio ya pili tugeuze mstari wa kuanzia. Seva ina sehemu ya kuandika ni wangapi wageuzwe, lakini inageuza kwa matokeo ya mbio ya kwanza, na hapo pana mtego. Ukigeuza wanane, wa saba atamwachia mwenzake kwa makusudi ili yeye awe wa nane na aanze mbele. F2, ligi iliyo chini ya Formula 1, wanageuza kumi bora wa kufuzu, yaani kipindi cha kusaka muda bora kabla ya mbio, na hiyo ndiyo mbio yao fupi. Hakuna anayepunguza mwendo kwenye kufuzu, maana kufuzu huko huko ndiko kunakopanga mbio ndefu. Na sisi tutumie kufuzu, kupanga kwa mkono sio kazi kubwa.

Pwani_Mikindani
Nina PS5 na gemu ya GT7 (Gran Turismo 7), naingiaje?

Mwenyekiti_Shangani
Huingii, mkuu. GT7 ni ya PlayStation peke yake, haikutani na wa kompyuta. Na kabla hamjauliza iRacing: ile gemu ni ya kulipia uanachama, na viwanja vingi na magari mengi unanunua kimoja kimoja.

Kijiti_Masasi
Seva je? Nashauri tukodi Dar. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, kila kilichokaa nje ya nchi kilikuwa mateso. Nyumbani haifai, laini nyingi za simu hazikupi anwani ya wazi ya intaneti ya wenzako kukufikia.

Chuma_cha_Ligula
Basi mshindi abebeshwe uzito, maana na hiki kigari mtu mmoja atashinda msimu mzima.

Dada_wa_Mitwero
Mtani, huyo mmoja unamjua ni nani, ndiyo maana unataka abebeshwe 😂 Lakini sina shida. Kwenye orodha ya seva kila dereva ana nafasi ya kuandikiwa kilo. Kilo 20 kwa mshindi, na zishuke asiposhinda.

Newala_Juu
Kilo 20 kwa gari dogo vile ni nyingi. 10.

Mwenyekiti_Shangani
Naona upepo umeelekea wapi. Abarth, seti (marekebisho) ya gari moja kwa wote, mbio mbili za dakika 20, ya pili ikigeuzwa kwa kufuzu. Jumamosi saa tatu usiku. Tunaanza baada ya minada ya korosho, wa Tandahimba na Newala wasiseme tumewatenga. Kilo tupige kura, 10 au 20, mpaka Ijumaa. GT3 iwe usiku mmoja wa kujifurahisha mwisho wa msimu, bila pointi.

Chuma_cha_Ligula
20. Na huo usiku wa GT3 ni kiwanja cha Spa au sitokei.

Dada_wa_Mitwero
Spa ni kilomita 7 kwa mzunguko. Umeme ukikukatikia kwenye kona ya Eau Rouge, mie nyuma yako sina breki.