Fedha za sanaa mkoani Mwanza: andiko letu liende kwa Mkuu wa Mkoa au kwenye halmashauri?

Katibu wa Vikundi, Igoma

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninaandika kwa niaba ya vikundi kadhaa vya ngoma na maigizo vya Nyamagana, Ilemela na Kisesa wilayani Magu, ambavyo vimekubaliana kuandaa andiko moja la kuiomba Serikali itenge fedha za sanaa katika mkoa wetu. Utaratibu uliopo ni kwamba kikundi hupigiwa simu kiongozi anapokuja, hulipwa nauli na soda, kisha husahaulika mpaka ugeni mwingine.

Wenzangu wengi wanataka andiko liende moja kwa moja kwa Mkuu wa Mkoa, kwa hoja kwamba vikundi vyetu vimetawanyika katika halmashauri tofauti na mkoa ndio unaotuunganisha. Wametiwa moyo pia na habari za Marekani, ambako majimbo yana mabaraza yake ya sanaa yanayopewa fedha na mabunge ya majimbo. Lile la New York lilianza mwaka 1960, miaka mitano kabla ya mfuko wa sanaa wa taifa lao. Je, mkoa kwetu unaweza kubeba jukumu kama hilo? Na kama hauwezi, mlango sahihi ni upi, na tuombe nini hasa? Naifahamu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na pia Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unaokopesha kupitia benki, lakini ngoma yetu ya Kisukuma ya bugobogobo haina mauzo ya kila wiki ya kulipia rejesho.

Mstaafu wa Mipango

Ndugu Katibu, nimefanya kazi ya mipango katika halmashauri kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo nitajibu upande wa fedha tu na kuwaachia wengine habari za Marekani.

Jimbo la Marekani lina bunge lake, kodi zake na bajeti linayoipitisha lenyewe. Mkoa wetu si hivyo. Kwa mujibu wa Sheria ya Tawala za Mikoa namba 19 ya mwaka 1997, sekretarieti ya mkoa ni chombo cha kuratibu na kuzishauri halmashauri; mapato ya ndani yako kwenye halmashauri, na wenye mamlaka ya kuyapangia matumizi ni madiwani. Andiko mtakalolipeleka mkoani pekee litapokelewa vizuri, litagongwa muhuri, kisha litateremshwa kwa wakurugenzi likiwa na neno la kuwataka walifanyie kazi na bila senti yoyote nyuma yake. Hata hivyo, nakala kwa Katibu Tawala wa Mkoa ni muhimu, kwa sababu ofisi yake huzipitia bajeti za halmashauri kabla hazijafika TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayosimamia serikali za mitaa, na afisa aliyekwisha kuisoma hoja yenu hataishangaa atakapoikuta kwenye makadirio.

La pili ni muda, na hapa ndipo vikundi vingi vinapokwama. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na watu huja na maombi mwezi Mei wakiamini wamewahi. Wamechelewa. Vipaumbele hukusanywa kuanzia mikutano ya mitaa na Kamati ya Maendeleo ya Kata katika miezi ya mwisho ya mwaka, madiwani hupitisha makadirio mwanzoni mwa mwaka unaofuata, na ifikapo Aprili mambo yako Bungeni Dodoma. Jambo ambalo halikuandikwa katika muhtasari wa kikao cha kata mwezi Novemba lina nafasi ndogo sana ya kuonekana popote baadaye.

La tatu: msiombe msaada, ombeni kasma, yaani fungu la matumizi ndani ya bajeti. Fedha inayotolewa kwa hisani ya mkurugenzi huondoka naye siku anapohamishwa. Kasma yenye namba yake katika bajeti, hata ikiwa na kiasi kidogo, humlazimu mchumi wa halmashauri kuiulizia kila mwaka, na kuifuta ni lazima mtu asimame kikaoni aseme kwa nini. Andikeni pia robo ya mwaka ambayo fedha itahitajika. Chukueni mfano wa Bulabo, sherehe ya ngoma pale Bujora, Kisesa, ambapo makundi ya wachezaji wa Kisukuma ya Bagika na Bagalu hushindana: sherehe hiyo huandamana na sikukuu ya Ekaristi, ambayo huangukia kati ya mwisho wa Mei na mwishoni mwa Juni. Huo ndio wakati ambapo hazina za halmashauri zimekauka na kila idara inafunga hesabu.

Mlipa Kodi, Pasiansi

Bwana Katibu, sina chuki na ngoma, na watoto wangu hawakosi Bujora. Lakini naomba mnieleze kwa nini ushuru anaotozwa mama anayeuza dagaa pale Mwaloni Kirumba ulipie mazoezi ya kikundi chenu wakati zahanati za kata hazina dawa za kutosha. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema hutunzwa na halmashauri. Sanaa inayopendwa italipiwa na wanaoipenda, kama muziki wa kwenye kumbi unavyolipiwa.

Mwalimu wa Sanaa

Swali la ndugu wa Pasiansi ni la haki, na andiko lolote lisilolijibu litaangushwa na diwani wa kwanza atakayesimama. Kwa maoni yangu, jibu lake linapatikana katika majimbo hayohayo ya Marekani, ila si katika sehemu ambayo watu hupenda kuitaja.

Anzeni na Kansas. Mwaka 2011 gavana Sam Brownback alifuta kwa kura yake ya turufu fedha zote za tume ya sanaa ya jimbo, kiasi cha dola 689,000 hivi, akisema kwamba sanaa itafute wafadhili binafsi, yaani hoja ileile ya ndugu yetu. Kwa kuwa mfuko wa taifa hulitaka jimbo lichangie kwanza ndipo nao utoe sehemu yake, Kansas ilikosa na fedha za taifa pia, na mwaka uliofuata ikalazimika kuunda tume nyingine. Wasanii wa huko walikuwa na marafiki wengi, lakini walisimama peke yao siku ya bajeti.

Minnesota walikwenda kwa njia nyingine. Mwezi Novemba 2008 wapiga kura waliridhia kubadili katiba ya jimbo ili kodi ya mauzo iongezwe asilimia 0.375 kwa miaka 25. Sanaa na urithi wa utamaduni hupata asilimia 19.75 tu ya makusanyo hayo. Kiasi kikubwa zaidi huenda kwenye maji safi na kwenye makazi ya wanyamapori na samaki, na kinachobaki kwenye hifadhi na njia za matembezi. Kwa hiyo wawindaji, wavuvi wa maziwa yao, watu wa mazingira na wachezaji wa jukwaani waliingia katika kampeni moja, ingawa kabla ya hapo sidhani kama walikuwa na la kuzungumza. Mvuvi asiyejali maigizo alipiga kura ya ndiyo kwa ajili ya ziwa, na kura hiyohiyo ikaifadhili sanaa.

Mwanza ina ziwa na ina mialo. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vinahitaji watu wa kuwafikishia wavuvi ujumbe kuhusu nyavu haramu, magugumaji na kichocho, na kazi hiyo maigizo ya mwaloni huifanya kuliko bango. Wigashe huimbwa watu wakiwa wameketi, kwa maneno yenye ujumbe, na Msukuma atausikiliza wimbo huo mpaka mwisho. Mkiingiza sanaa katika mpango wa afya na uvuvi wa kata, yule mama wa dagaa atakuwa upande wenu. Nakiri kwamba njia hii ina hatari yake: sanaa ikizoea kuwa tarishi wa idara nyingine, siku moja hakuna atakayelipia ngoma kwa kuwa ni ngoma. Ndiyo maana nakubaliana na Mzee hapo juu kuhusu kasma inayojitegemea, iwe ndogo kiasi gani.

Katibu wa Vikundi, Igoma

Shikamoo Mzee, na ahsante Mwalimu. Wapo wanaopendekeza tuombe sheria ndogo kabisa, ili sehemu ya ushuru fulani iende kwenye sanaa kila mwaka. Je, hilo linawezekana?

Mstaafu wa Mipango

Marahaba. Linawezekana, kwa kuwa halmashauri zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, lakini rasimu lazima itangazwe ili wananchi watoe pingamizi, ipite mkoani, iridhiwe na Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa na ichapishwe katika Gazeti la Serikali. Msianze na hilo. Anzeni na kasma kwa mwaka mmoja au miwili, mtunze hesabu na stakabadhi, halafu muombe sheria mkiwa na ushahidi mkononi.

Jambo moja zaidi: andiko lisiwe moja. Jiji la Mwanza, Manispaa ya Ilemela na Wilaya ya Magu ni mabaraza matatu yenye bajeti tatu, na diwani wa Kisesa hawezi kuwatetea nyie wa Igoma. Andaeni matatu yenye hoja moja, kila moja lipite kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri yake, na kila kikundi kiambatishe nakala ya usajili wake wa Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), kwa maana hilo ndilo litakaloulizwa kwanza.