Ndege ikishuka mno ndani ya wingu, kosa la rubani au la mnara?

Mpiga Soga wa Kipawa: Wadau, kijiweni tumeshindwana. Septemba 1974, Boeing 747 ya British Airways inaingia Nairobi. Mnara wa kuongoza ndege unasema shuka hadi futi 7,500, marubani wanasikia 5,000. Wanachomoka kwenye wingu, ardhi hii hapa! Walibakiza kama futi 70 tu ndipo wakapaa tena. Kimo ni dhamana ya nani?

Nyuki Mkali: Rubani, hakuna mjadala. Uwanja wenyewe uko futi 5,300 na ushee juu ya usawa wa bahari, na kimo cha ndege kinahesabiwa kutoka hapohapo baharini. Unashukaje 5,000? Unakwenda kutua kuzimu?

Kanali Mstaafu: Mnawaonea marubani. Waongoza ndege wetu wanaongea kama wana ugali mdomoni.

Binti Embakasi: Kanali, baba yangu ameongoza ndege mpaka kastaafu. Ugali upi? Wewe ukipewa ile redio dakika mbili, utaomba maji.

Kanali Mstaafu: Utani tu dada, usipande presha. Ila siku hizo tarakimu za kimo zilitamkwa moja moja: saba, tano, sifuri, sifuri. Saba ikimezwa na mikwaruzo, unabaki na nini?

Nyuki Mkali: Ndiyo maana rubani anarudia alichosikia, na mnara ukisikia kakosea unamsahihisha. Halafu ramani ya kutua iko mapajani mwake. Haisomi?

Mzee Ramani: Nyuki, umerukia. Desemba mwaka huohuo, ndege ya abiria TWA 514 inakwenda uwanja wa Dulles, Marekani. Mnara ukairuhusu kuanza utaratibu wa kutua bila kuipa kimo cha kushikilia, yaani cha kutoshuka chini yake. Marubani wakaelewa njia nyeupe, wakaanza kushuka kwenda futi 1,800. Mlima ukawapokea, watu 92 wakafa. Wachunguzi wenyewe waligawanyika, watatu wakiwalaumu marubani, wawili mnara. Baadaye kanuni ikabadilishwa: anayeongozwa kwa rada apewe kimo cha kushikilia mpaka aingie kwenye njia iliyochorwa kwenye ramani ya kutua.

Nyuki Mkali: Watatu ni wengi kuliko wawili. Nimeshinda.

Mzee Ramani: Kama umeshinda, kanuni ya mnara ilibadilishwa ya nini?

Binti Embakasi: Mimi bado namsubiri Kanali aombe radhi.

Fundi Sauti: Kwanza aseme, ugali wa sembe au dona?

Mpiga Soga wa Kipawa: Jamani, niliuliza habari ya ndege!

Kanali Mstaafu: Ya Nairobi si ilipona? Dona.