Mashairi ya Sudan: tuyatoe kwenye Kiarabu chenyewe, au yapitie Kiingereza kwanza?

Mleta mada, Dar:
Wakuu, heshima kwenu. Kuna rafiki yangu anataka kutoa kijitabu cha mashairi ya Sudan kwa Kiswahili. Kiarabu hajui hata kidogo, anatafsiri kutoka Kiingereza. Nimempinga, tumenuniana, nalileta hapa.

Tazameni jina la riwaya ya Msudani Tayeb Salih ya 1966, Mawsim al-hijra ila al-shamal. Denys Johnson-Davies aliitia kwenye Kiingereza mwaka 1969, na wengi wetu tuliisomea huko. Mtu akilirudisha jina hilo toka Kiingereza atakuandikia "Majira ya Uhamiaji wa Kaskazini", maneno yanayonuka dirisha la paspoti. Kumbe mawsim ndiyo msimu wetu, na hijra tunayo! Nusu ya jina ilikuwa Kiswahili kabla mtafsiri hajashika kalamu. Sasa kwa nini twende London kuazima chumvi iliyo jikoni kwetu?

Wazee wa Pate hawakuzunguka hivyo. Sayyid Aidarusi bin Athumani alipoifasiri Hamziya, kasida ya kumsifu Mtume ya al-Busiri, yule mshairi wa Misri wa karne ya 13, alitoka Kiarabu moja kwa moja. Na ule mfano wangu wa Tayeb Salih ni riwaya tu, tena jina lake. Shairi je?

Mchangiaji, Morogoro:
Mkuu, hoja tamu, ila haijazi rafu. Muhammad al-Fayturi alizaliwa Sudan, akatoa diwani yake "Nyimbo za Afrika" kwa Kiarabu mwaka 1955, akafariki 2015. Miaka 60 hiyo. Wewe unayejua msimu ni mawsim, umetutafsiria beti ngapi? Huyo rafiki yako angalau ameketi akaandika. Mwenye njaa hauulizi wali umepitia bandari gani.

Mwalimu wa Kiarabu, Tanga:
Naomba niwe upande wa huyo rafiki, ingawa mnatarajia kinyume.

Ndugu mleta mada, udugu wa maneno unadanganya. Ukimwambia Mswahili "hijra", akili yake inakwenda Makka na Madina. Mwarabu anasema hijra hata kwa ndege wanaohama na kwa kijana anayekwenda kutafuta kazi. Raha kwao ni mapumziko, kwetu ni starehe. Anayejua Kiarabu nusu ataanguka kwenye mashimo ambayo mwenye Kiingereza atayapita bila hata kuyaona.

La pili ni zito zaidi. Nimefundisha nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, miaka mingi, lakini nilipomsikiliza Mahjoub Sharif nilishika robo. Huyu ni mshairi aliyefungwa jela mara kadhaa, akafa 2014, na aliandika kwa Kiarabu cha mitaani cha Kisudani. Neno la kawaida kabisa kwao, zol, yaani mtu, mimi madrasani sikufundishwa. Kwa hiyo mnaposema "tutoe kwenye Kiarabu", Kiarabu kipi? Cha msahafu hakikufikishi Omdurman, mji wa Sudan.

Mchangiaji, Nairobi:
Shikamoo Mwalimu. Hapo umenifungua macho, lakini mbona mnataka mtu mmoja awe na vyote? Mshairi Al-Saddiq al-Raddi, mzaliwa wa Omdurman, aliingia Kiingereza kwa mikono miwili: Hafiz Kheir mwenye Kiarabu chake, na Sarah Maguire, mshairi. Mmoja anaeleza kila neno linabeba nini, mwingine anatafuta sauti. Sisi tushindwe na nini? Wasudani waliokimbia vita tangu Aprili 2023 wako hapa Nairobi, wako Kampala. Kaa na mmoja, agiza kahawa, muulize.

Halafu kuna suala la jina na pesa. Mwandishi wa Sudan Bushra al-Fadil alipopata tuzo ya Caine, ile ya hadithi fupi za Waafrika, mwaka 2017, fedha aligawana na mfasiri wake, Max Shmookler. Ukipitia Kiingereza, huyo wa katikati unamlipa? Unamtaja? Kwetu huwa anamezwa kimya kimya.

Mchangiaji, Morogoro:
Dada, hiyo ya mikono miwili naikubali. Ila kahawa anailipa nani, maana mchapishaji hata mkono mmoja haulipi.

Mleta mada, Dar:
Nimerudi, nimechelewa kwa sababu nilifuata ushauri. Jirani yangu ni Msudani. Jana tumekaa barazani na shairi fupi, tukakwama kwenye neno moja: ghurba. Kiingereza cha rafiki yangu kilikuwa kimempeleka kwenye "ukimbizi". Jirani akakataa kabisa. Alisema hata mtu aliyehama kwa hiari yake, ana kazi na nyumba, ghurba anayo. Nikampa "ughaibuni". Nilipomweleza linavyotumika, akacheka, na kweli siku hizi neno hilo linanukia dola na picha za theluji. Nikampa "ugeni". Akaniuliza mgeni kwetu anafanywaje, nikamtajia ule msemo wetu, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Akanyamaza kidogo, akasema: ghurba ni hiyo siku ya tatu, ila haiishi.

Kwenye mshororo sijui niandike nini. Rafiki yangu nimempigia, bado amenuna, lakini kesho anakuja.

Mwalimu wa Kiarabu, Tanga:
Usiandike "ugeni" peke yake, litasomeka kama sherehe. Nitumie mshororo mzima kwa Kiarabu, na umuulize jirani anausoma kwa mkato gani.