Riwaya ya kutisha ikifanywa filamu, hofu hupotelea wapi?

Mkazi wa Dunda (Bagamoyo)

Habari zenu wanajukwaa. Nimekabidhiwa kazi ya kuandika mswada wa filamu kutokana na riwaya ambayo bado haijachapishwa, inayomhusu mjane aliyebaki peke yake katika nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe. Kila siku kabla ya adhana ya alfajiri mjane huyo husikia mtu akitawadha uani: kata inagonga ukingo wa mtungi, maji yanamwagika, kisha kimya. Mwandishi hasemi ni nani, na ukiisoma usiku utataka taa iwake. Shida ni kwamba hofu yote imo katika mawazo ya mjane. Mtayarishaji anataka tumwonyeshe jini, uso umepakwa unga na macho mekundu. Mimi nilifikiria kuweka sauti ya msimulizi, lakini kila nikiiandika inageuka maelezo matupu. Wenye uzoefu mngefanyaje?

Wa Ngamiani (Tanga)

Ndugu yangu, yaache yote mawili. Msimulizi anayeweza kupanga hofu yake kwa sentensi nzuri hatutii wasiwasi, kwa sababu tunajua kwamba amesalimika. Itazame filamu ambayo Robert Wise aliitoa mwaka 1963 kutokana na riwaya ya Shirley Jackson ya mwaka 1959, The Haunting of Hill House. Mzimu hauonekani hata mara moja. Kuna mlango mzito wa mbao unaotuna kuelekea chumbani, na kuna Eleanor, ambaye gizani anasikia sauti nyuma ya ukuta huku akiushika mkono wa mwenzake unaombana mpaka unamuumiza. Taa inapowaka, mwenzake yuko upande wa pili wa chumba. Riwaya ilituweka ndani ya Eleanor kwa maneno, naye Wise alituweka humo kwa kutunyima kila kitu ambacho Eleanor hakukiona. Mwaka 1999 hadithi hiyohiyo ilitengenezwa upya, mizimu ikachorwa kwa kompyuta na kuonyeshwa waziwazi, na kwa maoni yangu hapo hofu iliisha, yakabaki maonyesho.

Fundi Sauti (Tanga)

Naongeza upande wangu. Msirekodi sauti ya kata studio. Nendeni kwenye nyumba yenyewe usiku, mzime feni na friji, kwa maana kuta za matumbawe ni nene na huzuia kelele za nje kwa namna ambayo chumba cha kawaida hakiwezi kuiga. Maikrofoni ikae chumbani kwa mjane, siyo uani, ili mtazamaji asikie kutoka mahali anapolala mjane. Irudieni sauti hiyohiyo, kwa umbali uleule, mpaka watu waizoee, ndipo usiku mmoja isikike kutoka ukumbini. Muziki msiweke kabisa katika matukio hayo, kwani ngoma ikianza kudunda kila mtu anajua kwamba sasa anapaswa kuogopa, na aliyekwisha kuarifiwa hashtuki.

Mzee wa Kibanda

Mnazungumza kama kwamba filamu itatazamwa na walimu wa sanaa. Mimi naendesha kibanda umiza, na wateja wangu wamezoea filamu zenye mtafsiri anayezungumza juu ya kila tukio. Huo ukimya wenu ataujaza yeye, na dakika ya ishirini mtu atauliza jini yuko wapi na nauli yake atarudishiwa na nani. Mtayarishaji si mjinga, anajua anayelipa.

Mkazi wa Dunda (Bagamoyo)

Hoja ya Mzee ni nzito, maana sauti peke yake haitafika kibandani. Nafikiria kuongeza kitu cha kuonekana: kata inaning'inia kwenye msumari uani tangu mwanzo, imekauka na ina vumbi, kwa kuwa mjane hutumia bomba. Asubuhi moja iwe inadondosha maji, nasi tuisogelee kwa kamera.

Wa Ngamiani (Tanga)

Kata iwepo, ila kamera isiisogelee. Ukiisogelea umeshamwambia mtazamaji atazame hapa, na kazi ya kuogopa umemfanyia wewe. Mjane apite mbele yake akifagia, kata ibaki pembeni mwa picha kwa sekunde nyingi kuliko mhariri wako atakavyotaka. Kibandani kwa Mzee atakuwepo mmoja atakayeiona kwanza na kupiga kelele, na huyo atamshinda mtafsiri.