Tupeane uzoefu: nini hasa kilikufanya ubadilishe faiawoli ya biashara? (Lamu, Malindi, Watamu)

Fundi wa Langoni (mwenye uzi)

Wadau wa Pwani, salamu.

Uzi huu si wa kushindania boksi lipi bora. Hilo tumeligombania sana na sijaona aliyemshawishi mwenzake. Nauliza jingine: wewe au tajiri wako mlikuwa na faiawoli moja (boksi linalochuja yanayoingia na kutoka) kati ya laini ya intaneti na mtandao wa ndani, mkaiacha mkachukua nyingine. Nini kiliwasukuma? Semeni kweli, si yale mliyoyaandika kwenye ripoti ya bosi.

Mimi ni fundi wa mitandao Lamu mjini, nahudumia nyumba za wageni na maduka. Katika wateja wangu waliobadilisha, sijampata hata mmoja aliyebadilisha kwa kuwa alivamiwa. Ni leseni (ada ya kuhuisha huduma za boksi), au fundi aliyeondoka, au laini ya intaneti iliyobadilika. Watengenezaji wanatangaza namna boksi lao linavyonasa virusi, na mteja wangu anauliza, "Mwakani nitalipa ngapi?"

Naanza na moja ambalo bara hawalijui sana: chumvi. Kuna hoteli Shela, upande wa ufuoni. Boksi lilikaa kwenye kijichumba chini ya ngazi, dirisha dogo halina kioo, upepo wa bahari unaingia usiku na mchana. Likaanza kujizima lenyewe jua likiwa kali. Nilipolifungua, mapanga ya feni yalikuwa na ukoko mweupe, hayazunguki hata ukiyasukuma kwa kidole, na kwenye bodi, karibu na matundu ya nyaya, shaba imegeuka kijani. Waranti ilikuwapo. Lakini waranti yenyewe ni boksi lipande boti mpaka Mokowe, lipande basi mpaka Nairobi, likaguliwe, ndipo lingine lianze safari ya kuja. Na hoteli imejaa wageni wa Desemba.

Tajiri akasema hataki tena kitu chenye feni. Tukachukua dogo lisilo na feni, la bei nafuu, tena tukanunua mawili. Moja linafanya kazi. La pili liko kabatini ndani ya mfuko uliofungwa na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, mipangilio ishapakiwa. Kwa uwezo tumerudi nyuma, sikatai. Ila sasa mtu wa mapokezi anaweza kuhamisha nyaya mwenyewe, rangi kwa rangi, hata mimi nikiwa Faza.

Haya, nani anafuata?

Mhasibu wa Malindi

Mimi si fundi, ni mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi, lakini jambo hili liliniumiza kichwa mimi kuliko fundi yeyote. Tuliletewa boksi la maana, waliolifunga wakawasha kila kitu kilichomo. Basi ankara za eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA (mamlaka ya kodi), zikagoma. Unabonyeza, inazunguka, inazunguka, haitoki. Mashine ya kadi nayo asubuhi inakubali, mchana inakataa. Mteja keshapakia mabati kwenye mkokoteni, anataka risiti yake ya KRA, mimi namwambia "mtandao". Yeye anatazama simu yake, mtandao uko sawa kabisa!

Kila tukipiga simu tunaambiwa wanalishughulikia. Mwisho mwenye duka akasema litolewe. Tukawekewa rauta ndogo ya kawaida, mambo yakatembea.

Fundi wa Langoni

Dada yangu, pole. Hapo mlikutana na ukaguzi wa mawasiliano yaliyofumbwa, yaani yale yanayofichwa yasisomwe njiani. Boksi linajiweka katikati: linayafungua mawasiliano, linayasoma, kisha linayafumba upya kwa cheti (kitambulisho cha kidijitali) chake lenyewe. Kompyuta ya ofisini unaweza kuiwekea hicho cheti ikakiamini. Mashine ya kadi na programu ya risiti hazikijui, zinadhani kuna mtu anadukua, zinakata. Na ndivyo zinavyotakiwa kufanya. Dawa yake ni kuziondoa kwenye ukaguzi anwani za KRA, za benki na za M-Pesa. Si kazi ya siku nzima. Kwa maoni yangu mlibadilisha boksi na aliyepaswa kubadilishwa ni fundi.

Mhasibu wa Malindi

Huenda. Lakini kaka, boksi nilikuwa naliona kila siku pale ukutani, fundi sikuwa namuona. Likaondoka lililokuwapo.

Casuarina ICT

Hahaha, huyo mhasibu apewe soda.

Sisi ni hoteli, Malindi, na kwetu ni leseni, sina la kuficha. Leseni zinauzwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa shilingi 123 hivi. Kotesheni ya kuhuisha ilipokuja mwisho wa mwaka ule, dola ilishapita 150, na Januari 2024 ikagusa 160. Boksi lile lile, huduma ile ile, mapato yetu ni ya shilingi. Halafu muuzaji akaleta utamu wake: eti tukinunua boksi jipya pamoja na leseni ya miaka mitatu, bei haipishani sana na kuhuisha la zamani. Hapo ndipo alipojiharibia. Kama nalipa bei ya boksi jipya, kwa nini nisiulize na kwa jirani? Jirani akatupa punguzo maalumu la wanaomhama mshindani, na wote wana punguzo hilo ukiwauliza. Tukahama. Shilingi ilirudi karibu 130 kufikia katikati ya 2024, sisi tushamaliza.

Jambo ambalo nawasihi muulize kabla ya kusaini ni leseni ikiisha kinatokea nini. Hazifanani. Nyingi zinaendelea kupitisha mawasiliano kama kawaida, ila orodha za virusi na tovuti mbaya hazisasishwi tena, kwa hiyo una mlinzi anayetumia picha za wezi wa mwaka juzi. Lakini Meraki, maboksi ya kampuni ya Cisco, kwa ule mpango wake wa leseni zote kuisha tarehe moja, leseni ikiisha unapewa siku 30 za msamaha, kisha mtandao unasimama. Wameandika wenyewe, si siri. Wapo wanaoupenda mpango huo kwa sababu kila kitu unakiona kwenye skrini moja hata ukiwa safarini. Kwangu mimi, hoteli haiwezi kukosa Wi-Fi wiki ya Pasaka kwa sababu hundi imechelewa kutiwa saini.

Mwana wa Watamu

Kwetu ni laini. Tuna nyumba za kukodisha Watamu, ofisi kuu Mombasa. Starlink ilipofungua huduma Kenya, Julai 2023, tuliichukua kama laini ya akiba. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipokatika, akiba ikawa ndiyo tegemeo.

Tatizo ni kwamba Starlink ya kawaida haikupi anwani ya IP ya umma. Mnatumia moja watu wengi, wewe unapewa ya ndani inayoanzia 100.64, na mtu wa nje hana njia ya kukufikia moja kwa moja. VPN yetu ya zamani (njia ya faragha inayounganisha matawi kupitia intaneti) ilipangwa kila upande uwe na anwani yake ya kudumu. Mombasa wangebaki na yao, sisi tungeanzisha mawasiliano kutoka huku na yangeshika. Lakini na wao wakahamia laini ya bei nafuu isiyo na anwani! Pande zote mbili zimejificha, nani atamtafuta mwenzake?

Tukakodi seva ndogo ng'ambo yenye anwani ya umma. Kila tawi linaipigia, yanakutana hapo. Tulitaka WireGuard, aina ya VPN, kwa kuwa ni nyepesi na laini ikiyumba inajirudisha yenyewe, boksi letu la zamani halina. MikroTik, watengenezaji wa rauta, wanayo tangu RouterOS 7, programu ya rauta zao, tukaenda huko. Leseni ya kila mwaka hakuna. Ila sheria utaandika mwenyewe mstari kwa mstari, na mambo ya kuchuja tovuti usiyategemee sana. Mtu aliyezoea kubonyeza vitufe vyenye picha atalia.

Gede Juu

@Mwana wa Watamu, Winbox, ile programu ya kusimamia MikroTik, usiiache wazi kwa dunia nzima. Ile kasoro ya 2018, CVE-2018-14847 (namba yake kwenye orodha ya kasoro za usalama), ilimwezesha mtu wa nje kusoma faili za majina na nywila. Kiraka, yaani sasisho la kuziba kasoro, kilitoka Aprili mwaka ule ule, na bado miezi baadaye rauta nyingi mno duniani zilikuwa zinachimbia watu sarafu za kidijitali bila wenyewe kujua.

Mwana wa Watamu

Inafikika kupitia VPN tu. Asante.

Mzee wa Kisima

Vijana, wengine tulianza na ISA Server, faiawoli ya programu, ikaja TMG, zote za Microsoft. Septemba 2012 Microsoft wakatangaza wanaiacha, Desemba haiuzwi tena, walionayo wakahudumiwa mpaka Aprili 2020. Nikahamia maboksi ya Cyberoam. Mwaka 2014 kampuni ya Sophos wakainunua Cyberoam, nayo ikazikwa pole pole. Nikaenda kwa huyo huyo aliyeinunua, na maboksi yake ya XG yakafika mwisho wa huduma Machi 2025.

Kwa hiyo mwanangu wa Langoni, swali lako "nini kilikusukuma" mimi halinifai. Sijapata kuhama kwa kupenda. Nimehamishwa.

Daktari hayupo

Zahanati binafsi, Malindi. Tulikuwa na pfSense, faiawoli ya programu ya bure, kwenye kompyuta ya kawaida, kazi ya kijana mmoja hodari kweli. Akapata kazi Doha. Nywila alituachia, kwenye karatasi, kwa mwandiko mzuri. Lakini ukifungua orodha ya sheria unakuta moja imeandikwa "jaribio 2", nyingine "usiguse", na ya tatu haina jina kabisa. Nani ataigusa? Laini ikisumbua tunamtumia ujumbe WhatsApp, masikini anajibu akiwa kwenye mapumziko ya chakula.

Programu yenyewe haikuwa na kosa lolote, naitetea mpaka leo. Ila tunatunza rekodi za wagonjwa, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mwenye zahanati akauliza swali moja tu: likitokea la kutokea, nani atakuja hapa? Tukalipia boksi ambalo mafundi zaidi ya mmoja Mombasa wanalijua. Ni ghali kuliko lile la bure, na linafanya kazi chache zaidi.

Fundi wa Langoni

Hili ndilo nililolitarajia lijae humu. Mteja anapochagua boksi anachagua na mtu atakayelifungua saa nne za usiku. Huku kwetu visiwani hilo linashinda kipengele chochote cha kwenye karatasi.

Ofisi ya Mbele

Hoteli ya Waitaliano hapa. Hatukuulizwa. Makao makuu waliamua hoteli zao zote ziwe na aina moja, boksi likaja limeshapangwa, tukachomeka. Sababu waliyotupa ni kwamba hawataki tena SSL VPN. Sikuelewa, nani ananifafanulia?

Gede Juu

Ni ule mlango wa wafanyakazi kuingia kutoka nje. Unakaa wazi intaneti nzima, kwa hiyo kasoro ikipatikana pale kila mwizi anaijaribu. Mfano unaotajwa sana ni wa FortiGate, maboksi ya kampuni ya Fortinet: kasoro CVE-2018-13379 ilipata kiraka 2019, wengi hawakukiweka, na Septemba 2021 nywila za VPN za maboksi kama 87,000 zikamwagwa mtandaoni. Fortinet wenyewe kuanzia toleo la 7.6.3 wameiondoa SSL VPN ya aina ya handaki, wanawapeleka watu kwenye IPsec, aina nyingine ya VPN. Na msidhani ni wao tu. Palo Alto, mtengenezaji mwingine, nao Aprili 2024 walikuwa na CVE-2024-3400, mtu anaingia bila nywila yoyote. Ukimhama huyu kwa kukimbia kasoro, kaulize kwanza unakokwenda wanatoa viraka kwa kasi gani, na wewe unaviweka kwa kasi gani. La pili ndilo gumu.

Casuarina ICT

Naongeza kidogo: usisome namba kubwa ya kwenye karatasi ya muuzaji. FortiGate 60F imeandikwa Gbps 10, lakini ukiwasha ulinzi wote karatasi hiyo hiyo inakwambia Mbps 700, yaani haifiki hata Gbps moja. Si uongo, iko mstari wa chini. Kwa laini zetu za Malindi 700 inatosha na kubaki. Ila nimeona ofisi iliyopandisha laini ya faiba, boksi la zamani likawa ndilo linalobana, wakamlaumu mtoa huduma mwaka mzima.

Fundi wa Langoni

Na kuhama kwenyewe mlifanya lini, na sheria za zamani mlizihamisha vipi?

Casuarina ICT

Mei. Mvua, hoteli tupu. Anayegusa faiawoli ya hoteli wakati wa kaskazi, wageni wamejaa, ana ugomvi na riziki yake.

Sheria hatukuzihamisha kwa ile programu ya kugeuza. Inageuza na uchafu wote. Lile boksi la zamani linahesabu kila sheria imetumika mara ngapi, tukaliacha mwezi likihesabu. Nyingi zilikuwa na sifuri. Kulikuwa na tundu lililofunguliwa kwa ajili ya kamera za CCTV ambazo zilishang'olewa ukutani, na bado liko wazi mpaka nje. Tukaandika upya zile zenye kazi tu, kila moja na maelezo ya nani aliiomba.

Mhasibu wa Malindi

Swali la mwisho kutoka kwa asiye fundi. Lile boksi letu bado liko stoo. Kuna mtu anataka kulinunua. Niuze?

Fundi wa Langoni

Lirudishwe kwanza kwenye hali ya kiwandani, lina nywila za laini yenu na funguo za VPN ndani. Kisha hakikisha limefutwa kwenye akaunti ya mtengenezaji iliyoandikishwa kwa jina la duka, la sivyo mnunuzi hataweza kulilipia leseni na atarudi kwako na maneno.

Daktari hayupo

Akaunti iko kwa jina la nani?

Mhasibu wa Malindi

La yule fundi.

Mzee wa Kisima

Basi mtafute kabla hajaenda Doha.