Mtumbwi wa mbao na turubai alioacha baba mkwe: nitajuaje asili yake?

MamaNeema
Habari zenu wakuu. Mimi ni Mtanzania, nimeolewa huku Maine, Marekani. Baba mkwe alifariki mwezi wa tatu, akatuachia mtumbwi. Ndani ni mataruma na mbao nyembamba, nje umevikwa turubai lenye rangi nyekundu. Hauna kibao cha kiwanda. Mama mkwe anaamini marehemu aliununua mpya. Shemeji anataka kuukwangua na kuupaka rangi wiki ijayo, nimemwomba asubiri kwanza. Marehemu ndiye aliyenifundisha kupiga kafi, humo humo, na nataka wanangu wajue ulikotoka. Nianzie wapi?

Fundi wa Omo
Pole sana kwa msiba, dada. Shemeji asiuguse kwa msasa! Rangi za zamani, na hata ule uji wa kuzibia nyuzi za turubai, mara nyingi vina madini ya risasi. Vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.

Sasa ingia ndani, tazama omo (mbele) na tezi (nyuma), pale mti wa hanamu, yaani mti wa ncha, unapopinda na kulala sakafuni. Baadhi ya viwanda vya huko viligonga namba hapo. Vanishi huzifunika, kwa hiyo pangusa kwa kitambaa chenye maji, mulika tochi kwa ubavu, kisha weka karatasi na upitishe penseli juu yake. Ukikuta tarakimu kadhaa, nafasi, halafu 16, 17 au 18, hiyo ya mwisho ni urefu kwa futi. Huenda ukawa wa kampuni ya Old Town.

Mto Penobscot
Old Town ni mji wa hapo hapo Maine, kando ya mto Penobscot. Mitumbwi ya turubai ilifuata umbo la ile ya magome ya miti ya Wapenobscot, wenyeji wa asili wa huko, na jirani zao, ndiyo maana inapendeza hivyo majini. Kampuni ya Old Town iliandika kadi ya karibu kila mtumbwi: modeli, mbao, rangi, tarehe ya kusafirishwa na ulikopelekwa. Wooden Canoe Heritage Association, chama kilichoanzishwa 1979, kina nakala za kadi hizo. Wape namba. Ungekuwa wa kampuni ya Chestnut ya Fredericton, Kanada, ungekwama, maana kumbukumbu za namba zake hazikusalia.

MamaNeema
Wakuu, nimeipata! Tarakimu 5, kisha 17. Kadi imekuja jana: modeli ya OTCA, daraja la juu la AA, kingo za mahogani, rangi ya kijani kilichokoza, ulipelekwa Boston Mei 1926. Nimetazama pale wekundu ulipobabuka, chini ni kijani kweli. Lakini baba mkwe alizaliwa 1938. Nilipomwambia mama mkwe alinyamaza muda mrefu.

Mto Penobscot
Basi ulikuwa na mmiliki mwingine kabla yake. Kadi nyingi huishia kwenye duka lililouagiza, mnunuzi hatajwi. Kagueni chini ya viti na chini ya zile pembetatu za mbao kwenye ncha. Kambi za watoto na wakodishaji waliandika majina au namba zao.

MamaNeema
Chini ya kiti cha nyuma kuna herufi mbili zilizochongwa kwa kisu. Si za marehemu. Mama mkwe ameshusha boksi la picha kutoka darini, tunaanza kulipekua jioni hii.